Bikoni ya Tatu

Machi, saa mbili usiku, Kibos.
Mvua ilinichelewesha, nimebakiza bikoni moja.
Mbili nimezipata kwenye majani makavu ya miwa;
ya tatu imefukiwa na trekta, au na mtu.

Ndugu wawili wamesimama, kila mmoja upande wake:
Ochuodho na buti za mpira, Rabuor na simu yenye tochi.
Hawajasemezana tangu mazishi ya baba yao.
Wanaongea na mimi, mmoja mmoja,
kana kwamba mimi ni ukuta wenye masikio.

Nasimika fimbo ya kipokezi. Nangoja.
Setilaiti kumi na nne. Kumi na moja. Sita.
Nukta kwenye kioo inaanza kutembea:
inaruka mfereji, inaingia kwa Rabuor
hatua mbili, tatu,
inarudi, inapita mjohoro wa Ochuodho
kama mbuzi aliyekata kamba.

"Nyar Seme, umeona?" asema mmoja.
"Umeona?" asema wa pili.

Nawaambia: si mashine. Kuna jambo huko juu.
Wanatazama. Kuna popo. Hakuna jambo.

Juu zaidi. Kilomita mia tatu,
ambako hewa ni haba, chembe husafiri mbali
kabla ya kumgonga jirani.
Jua limeshinda huko likichopoa elektroni
kwenye oksijeni, kama mtu apukuchuaye mahindi,
punje huku, gunzi kule.
Likishazama, zile za chini hurudiana upesi;
kuna msongamano, huwezi kumkwepa mwenzio.
Za juu hubaki zimetengana hadi usiku wa manane
kwa sababu tu hazikutani.

(Hapo nikanyamaza. Sikuwa nimekusudia.)

Na upepo wa huko ukivuka mstari wa machweo
huzaa umeme, nao umeme hulinyanyua tabaka zima,
likawa zito juu, na chini yake pametoboka.
Mama yenu alipika uji wa wimbi?
"Ndiyo," wote wawili.
Basi. Uji mzito juu, mvuke chini.
Mvuke haukubali kulaliwa. Hutafuta penye unyonge,
labda pale radi ya alasiri ya Kakamega
ilipopatikisa kidogo,
hupanda, hupasua: pwo.

Povu moja, upana wake kutoka hapa hadi Kericho,
limejinyoosha kaskazini na kusini
likifuata nyuzi za sumaku ya dunia,
ncha moja Uhabeshi, nyingine ng'ambo ya ziwa,
na lote linakwenda mashariki
kasi kuliko gari lolote la barabara ya Ahero.
Sauti ya setilaiti ikipita humo hutetemeka,
hufifia, hunifikia imepotoka
kwa kiasi cha kitalu cha sukuma wiki.

Kimya. Mbu. Kiwanda cha sukari kinanuka mbali.

"Mzee alikuwa akiipiga redio kofi," asema Rabuor,
"saa kama hizi. Taarifa zikizama."
"Alisema ni betri," asema Ochuodho.
"Alikutuma dukani."
"Alinituma na mvua. Na betri zilikuwa mpya."

Sikuandika hayo. Daftari langu lina safu
za latitudo, longitudo na kosa; hamna safu nyingine.

Tulikaa juu ya magunia ya mbolea.
Saa sita kasorobo: setilaiti nane. Kumi na tatu.
Nukta ikapunguza kutangatanga, ikatulia
mahali ambapo hakuna kati yao aliyepataja.

Ochuodho akashika jembe. Rabuor akamulika,
akasogea ili kivuli chake kisimzibe mwenzake.
Kwenye pigo la nne chuma kikalia.

Huenda ni saruji. Huenda ni jiwe tu.
"Pole pole," akasema Rabuor,
na hakuwa ananiambia mimi.